Kaunti ya Binti wa Mfalme na Nchi ya Baba

Dada yangu mkubwa anaishi Amerika, katika jimbo la Virginia, upande wa bahari. Alikimbia vita kutoka Kabambare alikoolewa, huku kwetu Kongo, akavuka ziwa hadi Tanzania, akakaa kambini mpaka watoto wake wakaota ndevu huko, ndipo akapata nafasi ya kwenda. Kazi yake sasa ni kutunza wazee katika nyumba yao maalumu. Anawaogesha, anawavisha, anawalisha wasioweza tena kushika kijiko. Hunipigia simu mchana, kwake ikiwa asubuhi kabla hajaingia kazini, nami wakati huo nimetoka shule. Nafundisha jiografia katika shule moja ya misheni hapa Kasongo.

Siku moja alipiga, hata salamu hakuzimaliza.

"Mudogo wangu, weye unafundisha ramani. Nitafutie kitu."

"Kitu gani, yaya?" nikauliza, kama tunavyomwita dada mkubwa.

Akanieleza. Kulikuwa na bibi mmoja katika chumba cha mwisho cha ile nyumba, mwanamke mzungu mwenye umri karibu na wa baba yetu. Kila asubuhi aliomba arudishwe kwao. Akiulizwa kwao ni wapi, alitaja jina la kaunti. Kaunti kwa Wamarekani ni kama teritware, yaani wilaya, kwetu: ina makao yake, ina mahakama yake, na mtu huulizwa ya kwake hata kabla ya kuulizwa kijiji. Lakini vijana waliofanya kazi pamoja na dada yangu walikuwa wametafuta kaunti hiyo kwenye simu zao na hawakuiona kwenye ramani. Wakasema ni ule ugonjwa wa kusahau. Wakawa wanamwitikia kwa upole, "Ndiyo mama, kesho tutakwenda," kisha wanamfunika blanketi.

"Hata mimi niliwaza vile," dada yangu akasema. "Lakini jana nilikuwa namuchana nywele, akanieleza njia ya kwao. Akaanza kwenye mahakama ya matofali mekundu, akapita kanisa, akapita mashamba ya viazi, mpaka kwenye zizi la nguruwe la baba yake. Hakuchanganya kitu. Mutu mwenye kupotea akili haelezi njia namna ile. Alikuwa anaongea sawa na Baba akisimulia kwao."

Nilielewa alichokuwa akisema, nikamwahidi nitatafuta.

Jioni ile nilikwenda upande wa soko, mahali ambapo mtandao hushika vizuri, nikakaa juu ya kreti ya soda mbele ya duka la rafiki yangu nikaanza kusoma. Haikuchukua muda. Kaunti ile ilikuwepo. Waingereza waliipa jina la binti wa mfalme wao, ikaishi chini ya wafalme, kisha chini ya marais, mpaka mji mdogo wa pwani uliokuwa jirani yake ukaungana nayo, na jina la mji ndilo lililobaki. Mashamba yote yale, kwa sheria, yakageuka mji. Yule bibi alikuwa mwanamke aliyekwisha kuolewa mambo hayo yalipotokea. Hakuwa amepoteza akili. Ni kaunti iliyokuwa imeondolewa chini ya miguu yake.

Nilipaswa kurudi nyumbani, lakini niliendelea kusoma. Sikujua kwamba Amerika nako nchi hufa. Nikasoma habari za kaunti moja ya Tennessee iliyofilisika ikaomba jirani yake aichukue, na za mbili za Georgia zilizomezwa na kaunti kubwa katikati yao wakati wa miaka ya dhiki. Huko kaskazini kwenye nyika za Dakota kulikuwa na nyingine zilizochorwa kwenye ramani na kufutwa kabla hazijapata hata nyumba ya mahakama. Mwenye duka aliniuliza ninacheka nini. Nikamwambia nasoma orodha ya marehemu.

Kweli sikucheka kwa kejeli. Mimi mwenyewe nilizaliwa Zaire, mkoa wa Kivu. Leo niko Kongo, mkoa wa Maniema, na sikuhama. Hata kitanda ni kilekile. Wanafunzi wangu nikiwaambia hivyo huona ni kitendawili. Basi nilimpigia dada yangu kesho yake nikamwambia, "Bibi yako anasema kweli." Nikamsikia akivuta kamasi.

"Basi nitaenda kumuambia namusadiki," akasema.

Sasa nieleze habari za Baba. Baba ni Mubangubangu, mzaliwa wa Kabambare, ingawa amekaa Kasongo tangu alipokuja kijana kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja Mwislamu, akasilimu, akaoa. Ukimuuliza anatoka sekta gani, yaani sehemu gani ya teritware, hatakujibu. Atakwambia jina la sheferi, yaani nchi ya chifu, ambayo haimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuitundika darasani. Jina lenyewe ni la mtu, chifu wa kwanza, kwa hiyo sitaliandika. Nimekusudia kutotaja mtu humu. Babu yake Baba ndiye alikuwa chifu wa mwisho. Baba alikuwa mtoto, ameketi karibu na mama yake anayemenya mihogo, Mbelgiji mtawala wa teritware alipokuja akawaita machifu wadogo wa jirani, akachagua mmoja wao awe mkubwa wa wote. Wale wengine akawavua medali zao za uchifu shingoni. Baba husema babu yake aliishi miaka mingi baada ya pale, na kila alipotaka kusema jambo zito mkono wake ulikwenda kifuani kutafuta ile medali. Kisha amri ikatoka kwamba kijiji nacho kihamie kando ya barabara. Nyumba zikabomolewa, makaburi yakabaki.

Tulikua tukisikia hadithi hiyo, na kusema kweli tulikuwa tumeichoka. Mama alikuwa akimwambia, "Baba watoto, ile nchi imekwisha, kula chakula." Alipokufa Mama, hapakuwa tena na mtu wa kumkatiza, naye akapunguza kuisimulia.

Dada yangu ndiye aliyepata wazo la kuwakutanisha kwa simu. Mimi niliona ni mchezo tu. Lakini siku ilipofika, Baba alioga mapema, akavaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, akaketi uani kwenye kiti cha uvivu. Mke wangu alifukuza kuku. Niliweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, na kwenye kioo akatokea dada yangu, na pembeni yake bibi mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri na shanga shingoni. Naye alikuwa amejipamba.

Dada yangu alifasiri. Mwanzoni walisalimiana tu, kila mmoja akisema kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kisha Baba akauliza swali lililomleta.

"Muulize, ile nchi yake nani aliivunja?"

Bibi akajibu kwa kirefu. Dada yangu akasema, "Anasema watu walipiga kura. Baba yake alikataa, bwana yake alikubali. Krismasi ile walikula meza moja bila kusemezana."

Baba alinigeukia. "Kumbe wao waliulizwa," akasema taratibu. Kisha kwa simu: "Muambie siye hatukuulizwa. Muzungu alikuja asubuhi, jua likiwa utosini nchi ilikuwa imekwisha."

Bibi aliposikia tafsiri alitikisa kichwa. Akasema waliulizwa, lakini wengi wa waliojibu hawakuwa na shamba, na baba yake alikufa akiwa bado anaandika jina la kaunti kwenye bahasha zake. Barua zilifika, alisema, kwa sababu mtu wa posta alimfahamu.

Baba alifurahia sana jambo hilo la mtu wa posta. Akauliza mahakama ya matofali ilikwenda wapi. Bibi akasema ingali pale, wenye mji wanaitumia. Kisha naye akauliza: je, nyumba ya babu yako ipo? Baba akasema ilikuwa ya udongo, mvua ya mwaka mmoja inatosha kuila. Bibi akauliza tena: na mama yako amezikwa wapi?

 Baba alivua kofia akaiweka magotini.

"Alizikwa kule kijiji cha zamani," akasema. "Tulikuwa tumehama lakini yeye alisema asizikwe barabarani. Tulimurudisha. Tangu nilipokuja Kasongo sijafika tena."

Bibi alisikiliza, akasema maneno machache. Dada yangu aliyatafsiri huku akinitazama mimi, si Baba. "Anasema yeye alisubiri mpaka miguu ikakataa. Anasema weye usisubiri."

Simu ilikatika muda mfupi baadaye. Chaji ya betri ya jua ilikuwa imeisha. Baba alibaki ameketi. Kabla usiku haujaingia aliniambia kwamba kiangazi kikikausha barabara, nimpeleke.

Nilikuwa na sababu nyingi za kukataa. Miaka nenda rudi upande ule ulikuwa na watu wenye bunduki, na hata vita vilipopungua barabara yenyewe ilitosha kuua mzee. Mke wangu alisema, "Utamukatalia kitu gani tena mutu wa umri ule?" Nikatafuta mwendesha pikipiki mtu mzima, mwenye watoto, asiyependa mbio. Tulimweka Baba katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemshika kiunoni kama mtoto.

Tulikwenda polepole. Kwenye madaraja ya magogo tulishuka wote tukavuka kwa miguu. Tulilala Lusangi kwa mtoto wa shangazi yangu, mkulima wa mpunga ambaye sasa, kama wengi huko, huacha jembe kiangazi na kwenda kuchimba dhahabu. Kutoka Lusangi tulifuata barabara, kisha Baba akaanza kumgusa dereva begani, huku, hapana, mbele kidogo, mpaka tukaingia njia nyembamba ya msituni. Nilishangaa aliijua. Baadaye nikagundua hakuijua. Alikuwa akifuata tu nyayo nyingi za watu zilizoonekana mbele yetu, akiamini kwamba watu wanaokwenda huko lazima wanakwenda kwao.

Tulitokea kwenye machimbo. Kilima kilikuwa kimefunuliwa ngozi, udongo mwekundu kila mahali, mashimo, turubai, watu wamelowa matope wakipokezana karai. Baba alishuka kwenye pikipiki akasimama na fimbo yake. Aligeuka huku na huku. Hakukuwa na kitu alichokitambua. Niliuona uso wake ukilegea na nikaogopa kwamba nimemleta mbali kote huko aje kuvunjika moyo.

Watu waliacha kazi. Mkubwa wa machimbo, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, alikuja kwetu bila kutabasamu.

"Muzee, karibu. Munatafuta nini?"

"Natafuta kwetu," Baba akasema.

Lilikuwa jibu baya kuliko yote. Mahali pa dhahabu, mzee aliyevaa kanzu akisema hapa ni kwetu, maana yake ni moja: amekuja kudai haki ya ardhi. Wanaume wengine wakasogea, na dereva wetu akairudia pikipiki yake taratibu akaigeuza ielekee tulikotoka.

"Hapa iko na wenyewe," mkubwa wa machimbo akasema. "Chifu tunamulipa. Kila mutu tunamulipa."

Nikaingilia. Nilisema sisi si wa serikali wala si wa ukoo wa kudai, Baba anatafuta kaburi la mama yake tu. Yule mtu alimtazama Baba muda mrefu, asiamini wala asikatae.

Aliyetuokoa ni mwanamke mmoja aliyewapikia wachimbaji. Alikuwa akisonga bukari, yaani ugali, chini ya turubai, akaacha mwiko ndani ya sufuria akaja akipangusa mikono. Alimuuliza Baba kwa Kibangubangu ni mtoto wa nani. Baba akajibu, akataja baba yake, na babu yake, na mwisho akataja jina la ile nchi.

Mwanamke akageuka kwa wenzake. "Lakini ndilo jina la huu mto," akasema.

Kijito kilichopita chini ya kilima, walichotumia kuoshea mchanga wao, kiliitwa kwa jina hilo. Hata shimo kubwa waliliita hivyo. Waliwaambia wanunuzi wa Lusangi, dhahabu hii ni ya fulani, bila kujua kwamba huyo fulani alipata kuwa mtu, tena nchi. Mkubwa wa machimbo alilirudia jina mara kadhaa mdomoni kana kwamba analionja upya.

"Basi muzee," akasema, "miye kila siku namutukana babu yako shimo likiingia maji."

Wengine wakacheka, na Baba naye akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Mama afe.

Kaburi hatukuliona. Nataka kulisema hilo wazi, kwa sababu ndugu zangu wengine husimulia safari hii kana kwamba tulilipata. Baba alikumbuka lilikuwa upande wa michikichi, na michikichi ya zamani ilikuwepo nyuma ya kilima, mahali ambapo wachimbaji hawajafika, lakini chini yake kulikuwa na vichaka na majani tu. Mkubwa wa machimbo alituma watu watatu na mapanga, wakafyeka bila kuombwa malipo. Walifyeka sehemu pana, wakatafuta mawe, wakatafuta udongo ulioinuka. Mwishowe Baba akawaambia inatosha.

"Yuko humu," akasema. "Hata kama si hapa niliposimama, yuko humu."

Akaketi chini, akainua viganja akasoma Fatiha. Mpishi alipiga ishara ya msalaba. Wale watu wa mapanga walivua kofia, kila mmoja akafanya kwa dini yake. Nilikuwa nimesimama nyuma nikiwaza kwamba sikuwahi kumwona Baba kama mtoto wa mtu, na pale, akiwa amekunja miguu kwenye majani, mgongo umejikunja, alionekana mdogo kweli.

Kabla hatujaondoka alimwomba mkubwa wa machimbo jambo moja, wasichimbe upande wa michikichi. Yule mtu hakuahidi. "Baba, sitakudanganya," akasema. "Dhahabu ikielekea kule, watu watakwenda kule. Lakini miye nikiwa hapa, nitawaambia waanzie mbali." Baba alimshukuru. Njiani aliniambia amempenda kwa sababu hakusema uongo. Mpishi alitufungia bukari na samaki wa kijito kwenye majani ya ndizi, tukala Lusangi, chakula kikiwa kimepoa.

Tuliporudi Kasongo Baba aliugua mgongo kwa siku kadhaa, na kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa habari za mto. Alitaka kumsimulia na yule bibi wa Virginia. Lakini dada yangu aliponipigia, sauti yake ilikuwa chini. Bibi alikuwa ameanguka, amevunjika nyonga, yuko hospitali. Na akili yake, ambayo mwanzo ilisingiziwa, sasa ilikuwa imeanza kweli kuondoka. Siku nyingine alimjua dada yangu, siku nyingine alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

"Kabla hajaanguka nilimupeleka kwao," dada yangu akaniambia. "Binti yake alitupeleka kwa gari. Zizi hakuna, pale ni manyumba tu, lakini mashamba ya stroberi yangaliko mbele kidogo. Alikataa kushuka. Alifungua dirisha, tukakaa. Alikuwa amefurahi, mudogo wangu. Alisema kunanuka vilevile."

Nilimwambia Baba. Akaomba nimrekodi. Alisema mtu mgonjwa hapigiwi simu ya kuulizwa maswali, hutumiwa salamu. Nikamsogezea simu mdomoni.

Nilidhani atasema kwa Kiswahili ili dada yangu afasiri. Alisema kwa Kibangubangu, kile cha zamani, cha kabla ya barabara, na alisema kwa muda mrefu. Mimi niliyekulia mjini nilishika nusu tu. Nilisikia jina la mama yake, nilisikia mto, nilisikia neno la kumshukuru mtu aliyekukumbusha. Mengine yalinipita. Nilimuuliza kama arudie kwa lugha ambayo yaya ataweza kuitafsiri. Akasema hapana, amemaliza.

Dada yangu aliipeleka hospitali ilivyo. Hakutafsiri kitu, hakuweza; hata yeye kile cha zamani kilimpita. Binti wa yule bibi alikuwa ameketi kitandani anamshika mama yake mkono, wakaiweka simu juu ya mto wa kulalia wakaiwasha. Bibi alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho. Ilipokwisha aliomba waiwashe tena, na baada ya mara ya pili akamwambia binti yake kwamba anaifahamu sauti hiyo, ni ya mtu wa shamba, na kwamba mashamba ya huko kwao bila shaka yamepata mvua.